Usiku mmoja tu: kisa cha tela lililolala upande

Kisa hiki nakijua kutoka pande zote mbili kwa sababu moja isiyonipendeza: kiwanja walichopaswa kulala watu ninaowasimulia hapa, katika kambi ya matela ya kulala yanayovutwa na gari, nilikuwa nimelala mimi. Sikukiiba, nilipewa. Lakini nilikuwa mle, tela langu limekaa sawa kama meza, wakati wao wanazunguka gizani na tochi. Mume na mke wamenikubalia nieleze yote mradi nisiwataje majina, na mume ameniomba nisimpake mafuta. Basi sitampaka.

Walikuwa watatu: mume, ambaye ndiye dereva, mkewe, na mama mzazi wa mke. Walikuwa wakivuta tela la kulala la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, pamoja na mizigo kama kilo 1,400. Safari yao ilikuwa ya siku nne na huu ulikuwa usiku wa pili. Kambi ilikuwa ya kupitia tu: kufika, kulala, kuondoka asubuhi. Walikuwa wameagiza mapema kiwanja cha kupita, yaani kile unachoingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kurudi nyuma hata mita moja. Kwa anayelala usiku mmoja hicho ndicho kiwanja chenyewe, na waliokiagiza walikuwa wamefikiri. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani ninasimulia habari za watu wazembe.

Waling'oa nanga saa sita kasoro robo mchana. Simu ikawaambia kilomita 420, muda wa saa tano kasoro kidogo. Mahesabu hayo ni ya gari tupu. Gari linalovuta tela halikimbii hivyo. Ukijumlisha vilima, mizunguko, malori unayoyafuata kwa sababu huwezi kuyapita, na vituo vya mafuta ambavyo huwezi kuingia pampu yoyote unayotaka, wastani wa kilomita 60 kwa saa ni mwendo mzuri. Saa tano za simu ni saa saba za tela. Tayari walikuwa wanafika machweo, na bado hakuna kilichoharibika.

Kikaharibika. Kwenye mteremko mrefu tela likaanza kutingisha mkia. Mke alikuwa wa kwanza kuliona kwenye kioo cha pembeni: ukuta mweupe unatokea, unapotea, unatokea tena. Mume akafanya lililo sahihi, akaachia mafuta taratibu, hakukanyaga breki kwa nguvu, hakupigana na usukani, na likatulia. Wakasimama mahali palipopanuka na kuanza kutafuta sababu. Tangi la maji safi, lililo nyuma ya ekseli, lilikuwa limejaa lita 80, na lita 80 ni kilo 80. Juu ya hapo, masanduku mawili ya mama yalikuwa yamesukumwa chini ya kitanda cha nyuma. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya tela inakuwa nyepesi kwenye tufe la gari, lile duara la chuma nyuma ya gari ambalo tela huungwa, na pua ikiwa nyepesi mkia unapata uhuru. Marekani hupenda asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae kwenye tufe. Ulaya huenda chini zaidi, asilimia 5 hadi 7, tena magari mengi ya huko hayaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 75 au 100 mahali hapo. Wakamwaga maji, wakahamisha masanduku mbele ya ekseli, wakaendelea. Tela likatulia kabisa. Muda uliopotea ni saa moja na nusu.

Saa hiyo moja na nusu siwalaumu nayo. Ilikuwa kazi ya lazima na waliifanya vizuri. Lawama yangu ni kwamba wakati mama amekaa kwenye kiti cha nje akingoja tangi likauke, hakuna aliyepiga simu kambini. Ofisi ya kule hufungwa saa mbili usiku. Mimi niliingia saa moja na nusu usiku bila kuagiza chochote. Mhudumu akaangalia daftari lake, akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Hawa hawajapiga. Ingia namba 14." Sikuuliza hawa ni kina nani. Nani huuliza?

Wakafika saa tatu na dakika ishirini usiku.

Nje ya ofisi kulikuwa na ubao wenye orodha ya wanaochelewa, na jina lao lilikuwa bado lipo: namba 14. Nilisikia gari likija polepole, likasimama mbele ya tela langu, injini ikiunguruma. Taa zikanipiga dirishani. Nikajifunika shuka na kujiambia hawa wanatafuta kiwanja chao. Ndivyo walivyokuwa wakifanya.

Kilichobaki wazi kilikuwa namba 17: kiwanja cha kurudi nyuma, kifupi, kimeinama upande wa kulia. Na hapo ndipo kambi nzima ilipoamka. Mume kwenye usukani, mke nyuma na tochi.

"Rudi, rudi, rudi... kata kulia."

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kulia! Huku!"

"Huku wapi? Unanimulika machoni!"

"Simama! Simama! Mti!"

Kila anayevuta tela amewahi kuigiza mchezo huu. Mimi na mke wangu tumeuigiza mara nyingi, mara moja mchana kweupe mbele ya watu waliokaa kwenye viti kama wako uwanjani. Ufumbuzi ni wa kitoto na hakuna anayeamini mpaka aujaribu: shika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unaenda kushoto. Ukienda kulia, unaenda kulia. Anayeelekeza asiseme kulia wala kushoto. Aseme "mkia uje kwenye mti" au "mkia uondoke kwenye mti". Asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo, na tochi aielekeze chini, kwenye kona ya tela, isipige kioo. Na wakubaliane kabla: dereva asipomwona mwelekezaji, anasimama hapo hapo.

Dakika ishirini na tano baadaye tela lilikuwa ndani. Gari halikuwa ndani. Pua yake ilitokeza kwenye njia ya kambi, nusu ya upana wa njia. Tela lenyewe limeinama kulia: nilipopima asubuhi, nyuzi nne, ambazo kwa upana wa mita 2.1 ni karibu sentimita 15 kati ya tairi na tairi. Mume akaweka pimamaji mezani. Povu likakimbilia kwenye kona na kukaa huko huko.

"Usiku mmoja tu," akasema.

"Na friji?" mke akauliza.

"Usiku mmoja tu."

Ngazi za plastiki za kupandishia tairi walikuwa nazo. Zilikuwa kwenye sanduku la mbele, chini ya viti, chini ya hema la kivuli, chini ya kila kitu, maana jana hazikuhitajika. Ngazi hizo hupandisha tairi sentimita 10 au 12. Zingewaondolea sehemu kubwa ya mwinamo kwa kusogeza tela hatua moja tu, bila kulichomoa kwenye gari. Mume hakujua hilo; alidhani kusawazisha lazima uchomoe. Akateremsha miguu miwili ya nyuma ili tela lisiyumbe mtu akitembea ndani, akachomeka waya wa umeme, akafunga mlango.

Saa tano kasoro dakika kumi usiku umeme ukakatika. Kwao tu.

Nje kulikuwa na nyuzi 1 juu ya sifuri. Niliposikia mtu anahangaika na boksi la umeme nikavaa koti na kutoka. Ndipo tulipojuana. Alikuwa amepiga magoti, anavuta kifuniko cha boksi kilichofungwa kwa ufunguo wa mhudumu, na mhudumu alikuwa kalala. Nikamuuliza amewasha nini. Hita, maji ya moto, friji, chaja ya betri.

Tukahesabu pale pale. Boksi lile lilikuwa na breka ya ampea 10, kwa umeme wa volti 230: wati 2,300, basi. Hita peke yake ni wati 2,000. Maji ya moto 800. Friji 175, chaja kama 150. Jumla 3,125. Alinishangaa. "Lakini ilifanya kazi dakika ishirini nzima!" Ndivyo breka zilivyo. Ukizidisha sana, kama nyaya zikigusana, inashuka papo hapo. Ukizidisha kwa theluthi hivi, bamba dogo la metali ndani yake linapata joto polepole, linapinda polepole, na linashusha swichi baada ya dakika kadhaa, wakati wewe umeshajiridhisha kwamba mambo yako sawa. Mahali pengine hesabu ni nyingine: plagi ya bluu ya ampea 16 kwa volti 230 inakupa wati 3,680, na Marekani soketi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa 3,600. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini ni ampea ngapi, kila kambi, hata kama ya jana ilikuwa na nyingi.

Nikafuata waya wake kwa mkono. Ulikuwa wa mita 25, na boksi lilikuwa mita nne kutoka kwenye tela. Mita nne zilikuwa zimefunguliwa. Ishirini na moja zilizobaki zilikuwa zimezungushwa kwenye rili, rili imeingizwa chini ya tela isiloe umande. Nikaigusa. Baridi ile, rili ilikuwa ya moto kama kikombe kilichotiwa chai sasa hivi, na ngozi ya waya ilikuwa imelainika kiasi kwamba ukucha wangu uliacha alama.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, hiyo breka unayoilaani imekufanyia hisani." Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, kila mzunguko unaupasha mwenzake. Umeme ambao waya ulionyoshwa unaubeba bila taabu, uliozungushwa unaweza kuyeyuka nao. Kama pale kungekuwa na breka ya ampea 16, umeme usingekatika. Wangelala fofofo watu watatu, na chini ya sakafu yao rili ingeendelea kupata moto hadi alfajiri. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kichwani, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Mwinamo uliwakera, baridi iliwatesa, lakini kitu kilichokaribia kuwadhuru hakikuwa kwenye orodha ya malalamiko ya mtu yeyote usiku ule.

Tukaunyosha wote, tukauacha nyasini kama nyoka. Umeme haukurudi hata hivyo, boksi limefungwa.

Ikabaki gesi. Tela lao lilikuwa na hita ndogo ya gesi, na friji yao ni ya aina tatu: umeme wa kambi, betri ya gari wakati wa kuendesha, au gesi. Akawasha hita ya gesi. Ikatoa ulimi mdogo wa bluu, ikafa. Mtungi ulikuwa mzito, haukuwa mtupu. Ulikuwa wa butani. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo kwenye nyuzi 1 ipo ndani ya mtungi lakini haina nguvu ya kutoka. Propani hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Yeye aliununua mtungi ule wakati wa joto na ulimtumikia vizuri miezi yote. Mtungi wangu ulikuwa wa propani, lakini mdomo wake haukuingiliana na regulata yake, na regulata si kitu cha kulazimisha usiku.

Friji nayo ilikuwa na kisa chake. Friji hizi zisizo na mota zilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ndani yake hakuna kinachozunguka: ni amonia, maji na hidrojeni, moto mdogo unaopasha upande mmoja, na vimiminika vinavyorudi kwa uzito wao wenyewe kwenye mabomba. Ndiyo maana haiungurumi, na ndiyo maana inataka kusimama wima. Ukiiinamisha sana na kuiacha inafanya kazi, kimiminika kinatuama kwenye kona ya bomba, baridi inapotea, na ukizoea kufanya hivyo unaiua kabisa. Nyuzi nne kwa usiku mmoja pengine zisingeiua. Lakini "usiku mmoja tu" ya safari hii, na ya safari ijayo, na ya ile nyingine, friji inazijumlisha.

Wasiwasi wa mke haukuwa chakula. Mama yake anatumia insulini, na kalamu zake za kujichomea dawa hiyo zilikuwa kwenye friji. Mume akapendekeza azitoe aziweke kwenye kisanduku cha nje, "kule ni baridi kuliko friji". Hapo mama, ambaye hadi wakati huo alikuwa amejikunja kimya kwenye kona ya chini ya mwinamo, akasema neno moja: "Hapana." Alikuwa ameshazitoa mwenyewe, amezitia ndani ya soksi, na soksi iko chini ya mto. Alikuwa sahihi kuliko sisi wote. Kalamu inayotumika huvumilia nje ya friji wiki nne hivi, mradi isipate joto kali; kinachoimaliza usiku wa namna ile ni kuganda. Kisanduku cha nje, karibu na alfajiri, kingeweza kuzigandisha.

Jambo la mwisho la usiku ule ndilo lililonifanya nibaki pale mpaka nilipohakikisha wamelala. Mume alitaka kuwasha mafiga ya jiko, ndani, walao nusu saa, joto litoke. Jiko lilikuwa na chupa yake ndogo ya pembeni yenye mchanganyiko wa propani, kwa hiyo lingewaka. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi, na mke alikuwa amekwisha kuziba tundu la hewa la sakafuni kwa taulo. Moto unaowaka ndani ya chumba kidogo kilichozibwa unakula hewa yake mwenyewe, na ukianza kukosa hewa unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, haina rangi, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma na usingizi. Mtu aliyechoka kwa safari hawezi kuutofautisha usingizi huo na wa kawaida. King'ora cha moshi walikuwa nacho. Cha kaboni monoksidi hawakuwa nacho, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Nilimkatalia kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya kidogo. Nikawapa blanketi zetu mbili, nikawaambia walale vichwa upande wa juu, taulo ikatolewa kwenye tundu. Mama akapewa kitanda cha katikati.

Saa kumi na moja alfajiri mtu wa kiwanja cha ndani zaidi alitaka kutoka awahi safari yake. Pua ya gari iko njiani. Akagonga kioo kwa adabu. Mume akaruka na ndala, usingizi machoni, akawasha gari, akasogea mbele mita mbili. Sauti mbili zikafuatana: tairi likanasa waya, plagi ikang'oka kwenye soketi na kuacha pini moja ndani, na mguu wa nyuma wa kulia ukajikunja kama karatasi. Huo ndio uharibifu wote wa usiku ule kwa macho: plagi moja na mguu mmoja wa tela. Asubuhi tuliufungua kwa spana, boliti nne, akautia kwenye sanduku.

Mume alikuja kwangu na swali moja tu, na ndilo swali wanalouliza wote: "Nilikosea kutolichomoa tela?"

Jibu langu ni kwamba hapana, si hapo alipokosea. Kulala bila kuchomoa, kama unaondoka asubuhi, ni jambo jema kabisa. Unaepuka kazi mbili, ya kuchomoa usiku na ya kuunga alfajiri, na kuunga kwa haraka ndiko kunakoleta ajali mbaya: kichwa cha tela kinakaa juu ya tufe bila kulimeza, kinaonekana kimefunga, kisha kinachomoka mkiwa barabarani. Mimi mwenyewe hulala bila kuchomoa karibu kila usiku wa kupita. Mskoti mmoja, daktari William Gordon Stables, alitengenezewa huko Bristol mwaka 1885 gari la kulala la matembezi, akaliita The Wanderer, likavutwa na farasi wawili hadi kaskazini ya Scotland. Yeye hakuwa na swali hili. Farasi lazima wafunguliwe, wanywe, wale, walale. Injini haidai chochote, ndiyo maana sisi tunajisahau.

Lakini kutokuchomoa kuna masharti, na kiwanja namba 17 hakikutimiza hata moja. Gari na tela viingie vyote ndani ya mipaka ya kiwanja. Njia ya kambi ndiyo njia ya gari la zimamoto na la wagonjwa. Mwinamo wa mbele na nyuma uwe mdogo, maana huo huwezi kuurekebisha bila kuchomoa. Mwinamo wa upande unarekebishika ukiwa umeunga: weka ngazi mbele ya tairi la upande wa chini, sogea taratibu mpaka povu la pimamaji lije katikati, breki ya mkono, kabari mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. Na usiteremshe miguu. Miguu ile ni ya kuzuia kuyumba, si jeki, na kwa mtu aliyelala ameunga ni mtego anaojitegea mwenyewe kwa ajili ya asubuhi.

Basi pale namba 17 angefanyaje? Angechomoa, ama angeondoka. Nami nadhani angechomoa: kwanza upande kwa upande kwa ngazi, kisha kabari, breki ya mkono, gurudumu dogo la mbele chini, waya wa taa na kamba ya breki ya dharura vitolewe, kichwa kifunguliwe, gari litolewe njiani, halafu pua ipandishwe au ishushwe kwa gurudumu la mbele, miguu mwisho. Dakika kumi na tano mchana. Saa nne usiku, baada ya kurudi nyuma kwa ugomvi, ni mlima, na sijui kama mimi ningeupanda.

Ndiyo maana nikimfuatilia nyuma, hatua kwa hatua, siishii kwenye kiwanja wala kwenye hita. Naishia kwenye ule upana wa barabara, tangi likimwagika, saa za mchana zikiwa bado zipo. Pale walijua, kwa hesabu ya vidole, kwamba wanafika gizani. Pale palikuwa na mambo mawili ya kufanya: kupiga simu kushikiliwa kiwanja, au kutafuta kambi ya karibu zaidi na kukubali kwamba leo ni kilomita 300, si 420. Siku hizi sheria yangu ni saa kumi jioni. Ikifika saa kumi sijajua nitalala wapi na nitafika saa ngapi, nasimama, napiga simu, kisha naendelea. Mke wangu huniita mzee wa saa kumi. Sawa tu.

Ya asubuhi yana dawa nyepesi: mtu mmoja, mmoja tu, anazunguka tela kabla gari halijawashwa, na anagusa kwa mkono. Waya. Miguu. Ngazi ya mlango. Dirisha la paani. Vali ya gesi. Kabari. Anayezunguka haongeleshwi. Akiongeleshwa anaanza upya kutoka kwenye plagi. Na mtu akigonga kioo alfajiri anataka kupita, atasubiri dakika mbili hizo.

Nilimwambia mume habari ya namba 14 tukiwa tunafungua zile boliti. Alicheka, kwa namna ya mtu aliyechoka, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye wewe." Mama hakuambiwa. Kabla hawajaondoka alipita mbele ya tela langu akitembea polepole, mkono kiunoni, akasimama akalitazama lilivyokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie hapa mlilala vizuri?"

Nikamwambia tulilala salama.

"Naona," akasema. "Ni pazuri hapa. Pamenyooka."

Akarudishia soksi yake kwenye mkoba na kwenda garini.